Jina la Gari la Polisi Hutungwa Kiti cha Nyuma

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo hutajwa sana katika mambo ya ndoa na ya kazi, lakini nionavyo mimi yafaa vile vile kutajwa katika jambo ambalo huzungumzwa kwa haraka na kupitwa: gari la polisi. Maadamu nchi hii imekuwa na magari hayo, imekuwa pia na watu wa aina mbili wanaoyajua. Wako walioyajua kwa kiti cha mbele, wakashika usukani na kuvuta vumbi la barabara zetu kwa miaka thelathini. Na wako walioyajua kwa benchi la nyuma, wakabanwa magoti kwa magoti na watu wasiowafahamu, wakipelekwa mahali wasikopataka. Kila kundi lina kumbukumbu zake, na kila kundi lina lugha yake.

Mimi ni mwalimu wa isimu. Kazi yangu ni maneno, si magari. Walakini nililelewa na dereva wa polisi, na baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nikabebwa katika gari la aina ile ile aliyokuwa akiiendesha baba. Kunguni wa kitanda hiki, basi, nawajua wa mchagoni na wa miguuni. Ningependa leo kuwaeleza walimu wenzangu na wanafunzi wetu kwa nini maneno tunayolipa gari hilo yanastahili kuchunguzwa kwa makini. Ndani yake mna historia ya uhusiano wa raia na serikali yake, historia ambayo haikutiwa katika faili yoyote ya ofisi.

Tuanze na gari lenyewe. Kwa kizazi changu, na kwa kizazi cha wazazi wetu, gari la polisi lilikuwa Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza mjini Amsterdam mnamo Aprili 1948, miaka mitatu baada ya kumalizika kwa Vita Vikuu vya Pili. Chuma kilikuwa haba nchini Uingereza wakati huo na kiligawiwa kwa mgao, kwa hiyo mabamba ya nje yakafanywa kwa aloi ya alumini. Ndiyo maana mwili wa Land Rover haukuliwa na kutu upesi, ingawa fremu yake ya chini, iliyokuwa ya chuma, ililiwa kama kawaida. Waliolibuni walimkusudia mkulima. Lakini katika makoloni, gari linaloweza kufika pasipo na barabara lilikuwa pia gari la kumfikia mtu anayeishi pasipo na barabara, na haukupita muda mrefu kabla ya polisi na majeshi kulichukua kuwa lao.

Baba aliendesha ile iliyoitwa Series III, iliyoundwa kuanzia 1971 hadi 1985. Alikuwa akiisifu na kuilaani kwa pumzi moja. Karibu na goti lake palikuwa na vijiti vitatu: gia ya kawaida, kisha kijiti chenye kichwa chekundu cha kuingiza gia nzito za milimani, kisha kile chenye kichwa cha manjano ambacho ukikibonyeza chini magurudumu yote manne huvuta kwa pamoja. Wakati wa masika, katika barabara za udongo za Bonde la Ufa, baba alikitegemea kichwa hicho cha manjano kama mchungaji anavyotegemea fimbo yake. Betri ikifa, aliingiza hendeli mbele ya gari na kuizungusha kwa mkono mpaka injini iitikie. Huko nyuma palikuwa na mabenchi mawili yaliyopangwa kando ya kuta, yakitazamana, hivi kwamba aliyeketi juu yake husafiri kwa ubavu na haoni aendako. Nitarejea kwa mabenchi hayo baadaye, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Tuliishi katika laini za polisi, ndani ya kibanda cha duara cha bati, kiangazi kikitukaanga na usiku ukitugandisha. Watoto wa laini tulilijua kila gari kwa mlio wake. Land Rover ya baba ilipoanza kupanda kilima, mama alikuwa ameshateleka chai. Na lile halikuwa gari la wahalifu peke yao, msomaji. Lilikuwa ndilo gari pekee lililopatikana saa nane za usiku. Liliwapeleka wajawazito hospitalini, likaleta maiti nyumbani kutoka chumba cha kuhifadhia, likabeba mgao wa unga wa askari wa vituo vidogo, likabeba ng'ombe walioibwa na mwizi aliyewaiba. Dada yangu wa mwisho nusura azaliwe juu ya lile benchi la nyuma.

Nyuma ya kituo palikuwa na Land Rover nyingine, nzee, iliyowekwa juu ya mawe. Injini yake ilikuwa imetolewa ili kufufua nyingine. Humo ndimo baba aliponifundishia udereva. Alinikalisha kwenye usukani, akasimama kando ya mlango, akaniamuru nipande milima isiyokuwepo na nivuke mito isiyoonekana. "Klachi kwanza, mwanangu," alikuwa akisema. "Asiyeheshimu klachi hataheshimiwa na mlima." Naweza basi kusema bila ya uongo kwamba nimeendesha gari la doria la polisi kwa likizo mbili nzima, nalo halikusogea hata inchi moja.

Mwaka wa 1990, nikiwa na umri wa miaka tisa hivi, baba alinichukua siku moja katika gari zima, lenye injini, kupeleka unga katika kituo kidogo umbali wa kilomita ishirini. Nilikaa mbele, kifua nje, kama waziri. Tulipopinda kona moja niliwaona akina mama watatu wenye madebe vichwani. Mara walipoliona gari waliyatupa madebe, wakatumbukia katika shamba la mahindi, na mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni. Mbele kidogo vijana wawili wakaruka mtaro na kutoweka. Baba hakupunguza mwendo wala kugeuza kichwa. Nikamwuliza, "Baba, mbona wanakukimbia?" Akakaa kimya kwa muda, kisha akajibu, "Hawanikimbii mimi, mwanangu. Wanalikimbia gari."

Nimelitafakari jibu hilo kwa zaidi ya miaka thelathini. Baba, aliyekaa mbele, aliweza kumtenga mtu na gari. Alijua kwamba ndani ya mabamba yale ya alumini mlikuwa na mzazi aliyekuwa akipeleka unga. Wale walioingia mahindini hawakuwa na nafasi ya kufanya utengano huo. Kwao, gari na askari na serikali vilikuwa kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa na mlio mmoja. Hapo ndipo ninapoona chanzo cha majina yote ambayo umma hulipa gari la polisi: hutungwa na yule asiyemwona dereva.

Chukua jina lililoenea zaidi nchini, Mariamu. Mkenya wa kawaida akisema, "Jana Mariamu alipita mtaani," hatumdhanii anamzungumzia jirani. Jina hilo limetoholewa kutoka Kiingereza, ambako gari la kubebea wafungwa liliitwa Black Maria. Waingereza nao hawakuliunda. Ushahidi wa mapema wa jina hilo watoka Marekani, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, zama za magari ya farasi. Ipo hadithi isemayo kwamba Maria alikuwa mwanamke shupavu wa Boston aliyewasaidia polisi kuwabeba walevi, lakini ni hadithi tu, kwani ushahidi wa kuithibitisha haujapatikana.

La kuajabiwa ni kwamba jina la mwanamke limejitokeza mahali pengi. Wajerumani walikuwa na Minna wa Kijani. Warusi walikuwa na Kunguru Mweusi, lakini pia walikuwa na Marusya, ambalo ni Maria kwa lahaja ya mapenzi, na mshairi Anna Akhmatova aliyataja magari hayo katika utenzi wake juu ya miaka ya Stalin. Wafaransa wao waliliita kikapu cha saladi, kwa kuwa aliyemo hutikiswa kama majani yanayokung'utwa maji. Ukiyachunguza majina hayo yote utagundua kwamba hakuna hata moja lililotungwa na ofisi. Yote ni ya walaji wa vumbi. Mtu aliyeshikwa hana silaha isipokuwa ulimi, na kwa ulimi huo hulipa gari jina la jirani, la kijakazi au la chombo cha jikoni, ili lipungukiwe na ukali.

Ndugu zetu wa Tanzania wana karandinga, lile lori la kubebea mahabusu, na kwa miaka mingi wamekuwa na difenda pia. Neno hili la pili lina mzaha mchungu ndani yake. Land Rover ilipewa jina la Defender na waundaji wake mnamo 1990, yaani mlinzi au mtetezi, na gari la muundo huo likaundwa hadi Januari 2016. Mwananchi wa Dar es Salaam alilichukua jina hilo kama lilivyo na kulitia katika Kiswahili kwa maana ya gari linalokuja na askari waliojaa nyuma. Leo ukimwambia mtu mitaani kwamba difenda limefika, hatasikia habari ya kutetewa.

Hata maneno yetu ya kawaida kabisa, yasiyo ya mzaha, yana nyayo za tawala mbalimbali. Askari na doria yametoka Kiarabu. Asili ya doria ni kuzunguka. Gari lenyewe ni neno la Kihindi. Gereza latoka Kireno, na asili yake, kwa ajabu ya mambo, ni kanisa. Dereva, seli na rumande ni Kiingereza. Mwanafunzi akiandika, "Askari wa doria walimpeleka mshukiwa gerezani kwa gari," ameitaja karibu kila mikono iliyopata kuishika pwani na bara yetu. Sehemu iliyobaki ya Kibantu katika sentensi hiyo ni kitenzi alichotendewa mshukiwa.

Naam, hebu tukitazame kitenzi. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa kauli, na mwalimu yeyote wa sarufi anajua jinsi wanafunzi wanavyohangaika nazo. Tunasema abiria hupanda basi. Neno abiria limetokana na kuabiri, yaani kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mgonjwa hupelekwa. Mtoto hubebwa. Mzigo hupakiwa. Sasa sikiliza Wakenya wanavyosimulia habari za gari la polisi: walipakiwa, walibebwa, walitiwa, walirushwa ndani, walipandishwa. Sijapata kumsikia mtu hata mmoja akijiita abiria wa polisi. Ndani ya gari lile mtu hugeuka kuwa mtendwa, na mara nyingi huwa mzigo. Sarufi imekiri jambo ambalo hotuba za wakubwa hazijapata kulikiri.

Nililijua jambo hilo kwa mwili wangu kabla ya kulijua kwa vitabu. Mwaka wa 2002 palikuwa na mgomo katika chuo nilichokuwa nikisoma. Jioni hiyo nilikuwa nikitoka maktaba nikiwa na madaftari mkononi. Polisi walifunga njia, na kila aliyekuwa upande ule wa njia akatiwa garini. Tulikuwa kumi na sita mahali pa watu wanane, mimi nikiwa nimekaa nusu juu ya benchi na nusu juu ya goti la kijana wa kitivo cha kilimo. Giza lilikuwa limeingia. Wenzangu hawakujua tulikoelekea. Mimi pia sikujua, lakini nilisikia dereva akishusha gia kabla ya mteremko badala ya kuegemea breki, nikajua kwamba aliyetubeba amefundishwa vizuri. Nikamwaza baba, aliyekuwa amekwisha kustaafu. Nikawaza pia kwamba yule dereva huenda ana mtoto laini, na mtoto huyo anaujua mlio huu kuwa mlio wa chai.

Mmoja wetu akasema gizani, "Mariamu hana ubaguzi, hubeba hata wasomi." Tukacheka sote, na askari aliyeketi mlangoni na bunduki yake naye akacheka. Kwa muda wa dakika moja gari zima lilikuwa na lugha moja.

Tuliachiliwa asubuhi bila ya mashtaka. Hakuna aliyetueleza kosa letu, si wakati wa kupakiwa wala wakati wa kuachiliwa. Tangu mwanzo hadi mwisho tuliambiwa maneno matatu tu: "Panda!", "Kaa!" na "Shuka!" Yote matatu ni vitenzi vya amri, vifupi kuliko vyote katika Kiswahili, visivyokuwa na kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Amri haina jana wala kesho, na haina sababu. Ukitoa amri hulazimiki kusema wewe ni nani wala unayemwamuru ni nani.

Sikumbuki amri hizo kwa kuwa ni za kwetu pekee. Nchini Uganda, katika utawala wa pili wa Milton Obote, kati ya 1980 na 1985, wakazi wa Kampala walikuwa wakikusanywa mitaani na kupakiwa katika malori na vyombo vya usalama. Misako hiyo ilipata jina ambalo watu wazima wa huko hawajalisahau: panda gari. Tazama jinsi lugha ilivyofanya kazi. Amri ya Kiswahili, iliyotolewa na mwenye bunduki, ikageuka kuwa nomino midomoni mwa watu ambao wengi wao Kiswahili hakikuwa lugha yao. Hadi leo wako Waganda wanaokiogopa Kiswahili, na sisi walimu wa lugha hii twapaswa kujua kwamba baadhi yao walikisikia kwanza nyuma ya lori.

Huko Afrika Kusini ilitokea vivyo hivyo. Gari la polisi wa zama za ubaguzi liliitwa kwela-kwela, kutokana na kitenzi cha Kizulu na Kixhosa chenye maana ile ile ya kupanda. Mataifa mawili, lugha mbili, lakini amri moja na nomino moja. Neno hilo la kwela likapewa pia muziki wa filimbi uliochezwa na vijana wa mitaani katika miaka ya 1950. Binadamu ana uwezo wa ajabu wa kufanya ngoma kwa neno la kumtisha.

Katika nchi yetu, hata hivyo, ziko safari ambazo hazikupata ngoma. Mnamo 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil mjini Nairobi, na katika muda wa wiki chache zaidi ya watu 20,000 wakatiwa vizuizini. Wazee waliopitia siku hizo walizungumza juu ya malori kuliko walivyozungumza juu ya sheria. Miaka thelathini na zaidi baadaye, tukiwa na bendera yetu wenyewe, wakati wa msako wa Mwakenya kuanzia 1986, watu walifungwa vitambaa machoni, wakazungushwa mjini ndani ya Land Rover ili wapotewe na mwelekeo, kisha wakateremshwa katika vyumba vya chini vya Nyayo House. Mahakama Kuu imekwisha kuwapa fidia baadhi ya walioteswa humo. Lakini ukizisoma simulizi zao utaona kwamba mateso yalianza kabla ya chumba cha mateso. Yalianza mlangoni mwa gari, pale mtu alipouliza anapelekwa wapi na asijibiwe.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sikusudii kusema kwamba kiti cha mbele kilikuwa cha raha. Baba aliendesha gari lenye breki za kubahatisha, kwa mgao wa mafuta usiotosha wiki. Sentensi aliyoichukia kuliko zote ilikuwa "Gari halina mafuta," ambayo mlalamishi aliambiwa kila alipokuja mbio kusema amevamiwa. Baba alisema kwamba mara nyingine ilikuwa kweli tupu, na mara nyingine ilikuwa mlango wa rushwa, na ubaya wake ni kuwa mwenye shida hakuwa na njia ya kujua ni ipi. Isitoshe, tangu 2011 askari wengi wamepoteza maisha katika kaunti za Garissa, Lamu, Mandera na Wajir wakiwa ndani ya magari yao ya doria, kwa mabomu yaliyofukiwa barabarani. Wake zao pia husikiliza mlio wa gari kilimani, na siku nyingine mlio hauji. Mtu akiyajua hayo hawezi kumchukia dereva. Lakini huruma kwa dereva haituondolei wajibu wa kuuliza juu ya benchi la nyuma.

Twajua kwamba mengi yamejaribiwa. Jopo la Jaji Philip Ransley lilitoa mapendekezo yake ya kurekebisha polisi mnamo 2009. Katiba ya 2010 ikabadilisha jina kutoka jeshi la polisi na kulifanya Huduma ya Kitaifa ya Polisi. Kuanzia 2013 Serikali ilianza kukodi magari ya polisi badala ya kuyanunua yote, na Land Rover za zama za baba zikasukumwa nyuma ya vituo, zikaota nyasi. Magari mapya yana viti vizuri na redio zinazosikika. Na katika nembo ya polisi wetu yangali yale maneno matatu mazuri: Utumishi kwa Wote. Kisarufi siwezi kuyatia kasoro. Utumishi ni nomino inayotokana na kutumika, na wote haimwachi mtu nje, hata aliyeko nyuma.

Lakini jina jipya la ofisi ni kazi ya wakili, na linaweza kuandikwa kwa siku moja. Jina la mtaani haliandikwi na mtu, wala halifutwi na mtu. Maadamu mtoto wa mtaani akiona gari la polisi angali anapiga mbinja kuwaonya wenzake, jina lililoandikwa mlangoni halijafika nyuma. Na jambo limezidi kuharibika. Tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024 yaliyopinga Mswada wa Fedha, tumesoma tena na tena habari za watu waliotiwa kwa nguvu katika magari ya kawaida yasiyo na alama, na watu waliofunika nyuso. Mariamu alikuwa na sura mbaya, lakini alikuwa na sura. Alikuwa na nambari ya GK mbele na nyuma, na mama wa mtu aliyebebwa alijua aanzie kituo gani kumtafuta mwanawe. Gari lisilo na alama halina hata jina la utani, na umma usipoweza kukipa kitu jina la utani ujue kwamba hofu imeupita mzaha.

Ni nini basi kitakachobadilisha lugha ya benchi la nyuma? Jibu limo katika Katiba yenyewe, Ibara ya 49, na nashangaa kwamba walimu wa lugha hatuifundishi. Ibara hiyo yasema kwamba anayekamatwa ana haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Inampa pia haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia katika siku au saa zisizo za kazi za mahakama. Zitazame tena zile za kwanza: kuelezwa, lugha, kuelewa, sababu. Hayo ni maneno ya somo letu! Waliotunga Katiba walitambua kwamba uhuru wa mtu huanza na sentensi kamili.

Sentensi hiyo si ndefu. "Mimi ni askari wa kituo fulani. Ninakukamata kwa sababu hii. Tunakwenda mahali hapa." Ina nafsi, ina wakati, ina sababu na ina mahali. Ikitamkwa mlangoni mwa gari, aliyekamatwa hapandi kama gunia; hupanda kama mtu aliyeshtakiwa, na mtu aliyeshtakiwa aweza kuwa na hatia au asiwe nayo. Haigharimu mafuta, haihitaji gari la kukodi, na askari yeyote aliyemaliza kidato cha nne aweza kuisema kwa Kiswahili safi. Kinachopungua ni desturi ya kuisema, na desturi ya kuidai.

Nina maombi mawili, basi. La kwanza ni kwa walimu wenzangu wa shule za upili. Badala ya kuwapa wanafunzi orodha nyingine ya misimu ya kukariri, watumeni nyumbani wakaulize: gari la polisi liliitwaje ulipokuwa na umri wangu? Andikeni neno, mahali na mwaka, na mwandike pia kitenzi kilichotumiwa pamoja nalo. Madereva wa kizazi cha baba yangu wanatutoka mmoja baada ya mwingine, naye baba ametangulia. Waliobaki wana hazina ya maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote, na waliobebwa nyuma yao wana hazina nyingine. Hazina hizo mbili zikiwekwa katika daftari moja, tutakuwa na historia ya taifa hili ambayo hakuna waziri anayeweza kuihariri.

Ombi la pili ni kwa wanafunzi. Jifunzeni Ibara ya 49 kwa moyo, kama mnavyojifunza ngeli. Siku mtakapoambiwa "Panda!", ulizeni kwa adabu na kwa sauti inayosikika: kwa sababu gani, na tunakwenda wapi? Na kama miongoni mwenu wako watakaovaa sare, maana wako, na kazi hiyo ni ya heshima, basi muwe wa kwanza kulijibu swali hilo kabla halijaulizwa.

Mimi nitaendelea kuyapima mageuzi ya polisi kwa kipimo changu cha mwalimu wa sarufi. Siku Mkenya atakaposema kwa kauli ya kutenda, "Nilipanda gari la polisi," na anayemsikiliza asimwulize alifanya kosa gani, nitajua kwamba yale maneno matatu ya katika nembo yamefika hadi benchi la nyuma.